Nati ya Usukani wa Baba

Jumapili, 3 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika. Kondakta mwenye mwanya ameileta mpaka gereji, na nimeisoma nimesimama hapa hapa, kwa sababu nyumbani siwezi kufungua bahasha bila Baba kuuliza ni nani ameandika na anasemaje. Simu ndiyo usiseme. Yake anaiweka spika ili asikie vizuri, na akiniona naongea na yangu pembeni anakuja kusimama karibu kama askari. Basi tuendelee kuandikiana, na bahasha zote zije gereji.

Unasema, "Toa usukani, yaishe." Maneno matatu. Umeyaandika wewe, kazi imebaki kwangu, ndiyo kawaida ya nyumba hii.

Sikatai kwamba wazo ni zuri. Funguo nilizificha, akawasha kwa waya. Betri niliichukua nikamwambia naenda kuichaji, akaazima ya mwalimu jirani yetu, na mwalimu, mtu mzima na akili zake, akampa. Nilitoa upepo matairi mawili ya mbele, akayajaza kwa pampu ya mkono mpaka shati likalowa, kisha akaniambia mazoezi yanamfaa. Na nyumba ilivyo mlimani, hata asipokuwa na betri anaachia breki tu, gari linashuka, anatia gia, linawaka. Yule mzee ameendesha na kutengeneza magari maisha yake yote. Hakuna nitakachoharibu ambacho hatakijua kabla ya chai. Ila usukani hauna mbadala. Gari lile limenizidi umri, kiwanda chake kilishafungwa, na ukilitaja kwenye maduka ya spea wauzaji wanaitana waje wakuangalie. Akiukosa ule, hana mwingine.

Na lazima aukose. Jumanne alipita kona ya shule akaparuza uzio tangu nguzo ya kwanza mpaka ya tano. Kengele ilikuwa imeshalia, watoto wameingia madarasani. Akafika nyumbani analalamika kwamba kuna mtu ameegesha vibaya. Nilikwenda kuangalia, Dada. Pale pale kwenye zile nguzo ndipo watoto wanaposimama wakati wa mapumziko. Nguzo nimezisimamisha upya kwa mikono yangu, na mwalimu mkuu nimemwambia ni mimi niliyekuwa najaribu gari la mteja. Kwa hiyo shule nzima sasa inajua kwamba mwenye gereji hajui kuendesha.

Sasa kuhusu hiyo kazi ya maneno matatu. Usukani umekaa kwenye shafti yenye meno, na shafti yenyewe imechongwa ikipungua kuelekea juu, kama kabari. Kadiri ulivyokazwa ndivyo unavyong'ang'ania, na huu umekaa hapo bila kuguswa tangu sisi tukiwa watoto. Juu yake kuna nati moja kubwa, chini ya kifuniko cha honi. Nati ni ya inchi, moja na moja ya nane. Boksi spana ya milimita ishirini na nane haiingii, ya ishirini na tisa inacheza na itakula kona zote. Imebidi nichonge ya kwangu.

Fundi mwingine angechukua nyundo, akapiga, ukatoka kabla maji ya chai hayajachemka. Mimi siwezi kupiga nyundo, maana ukuta wa chumba cha Baba umepakana na banda la gari. Nafasi yangu ni akilala mchana baada ya kula. Naacha wateja, napanda mlima, nafungua geti taratibu kama mwizi, kwenda kuiba kwenye gari ambalo chini yake ndiko nilikojifunzia kazi. Juzi nililegeza nati. Niliiacha imeshika nyuzi chache, maana usukani ukiruka bila nati unaondoka na meno yako. Nikapulizia dawa ya kutu, nikafunga pula, kile chuma cha miguu miwili cha kuvutia gia, nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Haukusogea. Baba akakohoa ndani. Nikaifungua pula, nati nikaiacha ilivyo kwa kuwa kabari bado imeng'ang'ania, nikarudisha kifuniko cha honi, nikaondoka bila kula.

Mama alikuwa akiliita gari lile mke mwenzake. Tulikuwa tunacheka. Sasa naona hakuwa anatania sana.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumamosi, 9 Machi

Kitinda, marahaba.

Nimetoka zamu sasa hivi na viatu bado viko miguuni, kwa hiyo nitasema yaliyo ya lazima.

Yale majibu ya vipimo vya Baba uliyonitumia nimemwonyesha daktari wa macho wa hapa. Ni presha ya macho. Dawa ya matone itazuia yaliyobaki yasiishe, lakini yaliyokwenda hayarudi, na hakuna miwani wala upasuaji wa kuyarudisha. Baba anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kilicho mbele yake kabisa, kikubwa, anakiona, ndiyo maana anaisoma saa ya ukutani na kukuringia. Cha pembeni hakipo. Si kwamba kina ukungu, hakipo kabisa, na ubongo unamjazia pale ili asijue kwamba kuna pengo. Kwa hiyo akisema hakuona mtu, hadanganyi.

Usimwambie. Ukimwambia haoni, atataka kukuonyesha kwamba anaona, na atakuonyesha barabarani. Tafuta uongo mwepesi. Mwambie unautoa usukani ukaufunge ngozi mpya.

Kitu kimoja sikielewi, na usinikasirikie. Nati ni moja. Watu wanakuletea magari kutoka miji mingine. Inakuwaje nati moja ikushinde? Au unaogopa kumuudhi?

Ningekuja kusaidia, likizo wamenikatalia tena.

Dada yako


Jumapili, 17 Machi

Dada, shikamoo.

Hiyo sentensi ya kuogopa nimeisoma mara mbili, kisha nimeikunja nikaiweka mfukoni. Ikae huko kwanza.

Uongo wako wa ngozi niliutumia. Baba alifurahi sana. Akasema nilete ngozi, uzi na sindano, ataushona mwenyewe ukiwa hapo hapo kwenye gari, kwa sababu usukani hautolewi kwa ajili ya urembo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nati ile nailegeza leo, kesho naikuta imekazwa. Usifikiri nasema imeshika kidogo. Imekazwa hasa, mpaka nichomeke bomba kwenye mpini wa spana ndipo ikubali. Naanza upya, napulizia dawa, naweka pula, napata kama unene wa karatasi hivi, napumua. Nikirudi siku inayofuata ni kama sikuwahi kufika pale. Usukani umeshuka, nati imekaa, kila kitu kinang'aa.

Nati haijikazi yenyewe. Hilo nalijua kama ninavyoijua njia ya kwetu. Barabara mbovu inaweza kulegeza nati, haijawahi kukaza hata moja. Nikaamua kuweka alama ya chaki, mstari kutoka kwenye nati mpaka kwenye usukani, ili nijue kama nina wazimu au sina. Nilivyorudi, chaki hakuna. Labda dawa ya kutu imeiosha. Labda sikuiweka. Dada, mimi ni mtu ninayekumbuka ukubwa wa boliti za gari nililolitengeneza miaka iliyopita, na sasa sikumbuki kama nilishika chaki.

Kazini nimeanza kuharibika. Juzi nilimfungia mteja magurudumu, akaondoka, nikapanda pikipiki nikamfuata mpaka njia panda, nikamsimamisha nikague nati upya. Zilikuwa sawa zote. Alinitazama vile nyinyi wauguzi mnavyowatazama wagonjwa wenu.

Na Baba naye amebadilika. Amekuwa mpole kupita kiasi. Ananiuliza kama nalala vizuri. Jana alinisogezea maziwa yake, akasema, "Kunywa, mwanangu. Kazi haiishi." Jioni aliniuliza kama nimekaza nati za gari la mteja. Nikasema ndiyo. Baada ya muda akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama anayemuuliza mtoto kama amekojoa kabla ya safari. Nimemjibu vibaya, na nimejuta, kwa sababu naona ndiyo uzee wenyewe unaingia, anasahau alichouliza.

Upole huo lakini haumzuii kuendesha. Alhamisi amerudi na ndoo ya bluu imenasa kwenye bampa la mbele, upande wa kushoto. Anasema hajui imetoka wapi. Niliichukua nikatembea nayo nyumba kwa nyumba mpaka nikampata mwenyewe, msichana wa kazi kwenye nyumba yenye geti la kijani. Alikuwa ameitua chini ili abadilishe mkono. Hakunitukana. Alipokea ndoo yake, akaingia ndani, akafunga geti.

Kwa hiyo usiniulize kama naogopa. Naogopa, ila si kumuudhi.

Mdogo wako


Jumatano, 20 Machi

Binti yangu,

Natumaini huko hujambo, wewe na wagonjwa wako. Mimi sijambo. Naandika mwenyewe, usishangae mistari ikipanda na kushuka, meza za siku hizi hazijanyooka. Barua nampa kondakta mkononi na nimemkataza kupitia gereji.

Nakuandikia kwa sababu ya ndugu yako. Hayuko sawa.

Siku nyingi sasa anakuja hapa mchana akidhani nimelala. Mimi nasikia geti. Nilipoona anaingia kwenye banda la gari nikafurahi, nikasema mtoto huyu ana huruma, anakuja kulihudumia gari kimya kimya asinisumbue. Nikamwacha. Asubuhi yake, nilipokuwa nafuta vumbi, nikashika stelingi. Mkono ukaniambia kuna jambo. Nikafungua kifuniko cha honi nikapapasa, nati imelegea, imening'inia kwenye nyuzi chache tu. Stelingi, mwanangu. Si mfuniko wa sufuria.

Nikasema ni mara moja, mtu huchoka. Nikaikaza kwa ile spana iliyokuja na gari, ambayo yeye anaamini ilishapotea. Kesho yake imelegea tena. Na tena. Anaifungua, anaipaka mafuta, anasahau kuikaza, anaondoka. Sasa imekuwa kazi yangu ya asubuhi, kabla ya chai napita kurekebisha alichosahau.

Sijamwambia. Fundi ukimwambia kwamba amesahau nati ya stelingi, tena aambiwe na baba yake, mkono wake hautashika spana kwa uhakika tena. Na huyu watu wanampa roho zao. Amefikia hata kuweka alama ya chaki kwenye nati, kama wanavyofanya watu ambao vichwa vyao haviwaambii kweli. Nilipoipapasa ikabaki kwenye vidole, nikaifuta yote, asije mtu akaiona akamcheka.

Amekonda. Chakula hali vizuri. Namuuliza maswali ya kawaida ananijibu kwa ukali, na hakuwa hivyo. Gereji ile ameijenga peke yake, alianza na meza moja na mabati ya kuazima, wala hakuniomba kitu. Sitaki kuona inamponyoka kwa ajili ya ugonjwa ambao labda una dawa. Wewe ni muuguzi, zungumza naye kwa lugha ya hospitali, mpeleke kwa daktari wa kichwa kama wapo. Usiseme nimekuambia mimi.

Majibu usiyaandike. Piga simu saa za kazi, ndugu yako akiwa hayupo.

Na ukipata likizo niambie siku. Nitakuja kukupokea stendi mimi mwenyewe kama zamani. Gari liko tayari, stelingi nimeikaza.

Baba yako


Jumanne, 26 Machi

Kitinda,

Ukipata bahasha hii, usiiguse tena ile nati. Hata kidogo. Ndani kuna barua nyingine, ni ya Baba. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo utamsomea wewe. Msomee yote, kwa sauti, bila kuruka hata neno, na usiipitie kwanza. Ningeweza kumpigia simu yeye kisha nikuandikie wewe, lakini nimechoka kuwa mlango ambao kila mmoja anapitia kumkwepa mwenzake.

Dada


Baba, shikamoo.

Anayekusomea ni mwanao. Naomba umwache afike mwisho.

Barua yako nimeipata. Kitinda hana ugonjwa wa kusahau. Ile nati alikuwa anailegeza makusudi. Alikuwa anatafuta kuutoa usukani ili usiendeshe tena, na hakuweza kupiga nyundo kwa sababu yako. Aliyemtuma ni mimi.

Kitinda, endelea kusoma. Na wewe huna wazimu. Baba ndiye aliyekuwa anaikaza kila asubuhi. Alidhani kichwa chako kimeanza kuharibika, akawa anakufichia aibu. Chaki aliifuta yeye. Maziwa alikupa kwa ajili hiyo.

Mmekuwa mkigombea nati moja, mmoja mchana na mwingine asubuhi, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Niliposoma barua zenu nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa zamu akauliza kuna nini. Kisha nikaiwaza ile asubuhi moja ambayo Baba angechelewa kuamka, akaingia kwenye gari na kuteremka mlima bila kufuta vumbi. Tangu hapo sijacheka.

Baba, macho yako yameharibika na miwani haitasaidia. Unaona mbele tu. Pembeni huoni, na hujui kwamba huoni, si kosa lako. Siku ile uliyosema mtu ameegesha vibaya, hapakuwa na gari. Ulikuwa uzio wa shule, na Kitinda alijitwika lawama kwa mwalimu mkuu. Ile ndoo ya bluu ilikuwa ya msichana wa watu. Alikuwa amesimama karibu nayo.

Nakuja tarehe kumi na tano. Safari hii sikuomba likizo, nimewataarifu. Usije stendi. Sikukatazi kwa sababu umezeeka. Nakukataza kwa sababu nitakuwa nimesimama pembeni ya barabara na mzigo wangu, na wewe hutaniona.

Binti yako


Alhamisi, 4 Aprili

Dada, shikamoo.

Nilisoma yote. Ulipoandika "Kitinda, endelea kusoma" nilikuwa nimeshanyamaza kweli, sijui ulijuaje. Baba alikuwa amekaa mezani, mkono juu ya redio. Alikuwa ameizima ili asikie.

Nilimaliza. Nikaikunja barua, nikaikunjua, nikaikunja. Halafu akaniuliza hiyo boksi spana nimeipata wapi, maana ya inchi haipatikani. Nikamwambia nimechonga. Akasema, "Mimi nikadhani umewahi kuzeeka kabla yangu." Nikacheka, yeye hakucheka. Akainuka, akaenda chumbani kwake akafunga mlango, na chakula hakula.

Asubuhi sikusikia kitambaa chake cha vumbi kwenye gari. Nikajua amenuna, nikajiandaa kwenda kazini. Nikiwa getini akaniita kutoka bandani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva, amevaa shati lake la safari, lile la mifuko miwili. Nilifikiri anakwenda mahali. Akaniambia nivue viatu.

Akasema breki hujadiliani nayo, unaikanyaga uone. Nitembee kuzunguka gari bila viatu, nisikohoe, nisiguse chochote, na nikisimama nigonge ulimi. Yeye ataniambia nimesimama wapi. Nikamwambia lakini atasikia ulimi. Akafikiri, akasema kweli, basi nisigonge, atakuwa anauliza "tayari" na mimi nisijibu kitu.

Nikaanza kwa kusimama mbele, katikati kabisa. Akauliza, kisha akasema, "Hapo mbele." Akakaa vizuri kwenye kiti. Nikasogea mpaka kwenye taa ya kushoto, karibu kiasi cha kuweza kuiegemea. Akauliza tayari. Akangoja. Akasema nimekwenda nyuma ya gari. Nikahamia kulia, nikaja mpaka usawa wa dirisha lake, mkono wangu na sikio lake vingeweza kugusana. Aliuliza tayari, akatazama mbele muda mrefu, kisha akaniita kwa sauti kubwa, kama unavyomwita mtu aliye barabarani.

Dada, ningeweza kurudi katikati. Kimya kimya, bila viatu, asingejua kamwe. Angesema "hapo mbele", angefurahi, tungekunywa chai. Nilisimama pale nikiwaza hivyo. Nikasema, "Niko hapa, Baba," na akaruka kwenye kiti kwa kushtuka, kwa sababu nilikuwa naongea sikioni mwake.

Akataka turudie. Tukarudia. Mara ya mwisho nilikuwa upande wa kushoto tena, mahali ambapo ndoo ilinasa, na yeye akasema, "Hakuna mtu." Hakuniuliza kama amepata au amekosa. Aliusikia mguu wangu kwenye changarawe wakati nageuka.

Tukakaa hivyo hivyo, yeye ndani, mimi nje. Ndipo akasema nilete pula. Na nyundo.

Kuutoa hakukuchukua muda, nikwambie ukweli. Alikuwa ananielekeza kana kwamba sijawahi kuona gari. Legeza, usiitoe nati yote, acha nyuzi tatu. Miguu ya pula ishike kitovu cha usukani, isishike mikono yake, itavunjika. Kaza. Ngoja. Chuma kinataka kupewa muda wa kukubali. Yeye mwenyewe aliushika usukani kwa mikono miwili, akawa anautikisa kama anayekata kona ndogo ndogo. Kisha akasema nigonge kichwa cha boliti ya pula, pigo moja, la maana. Nikapiga. Ulitoa mlio kama mlango wa chuma unaofungwa, na usukani ukaruka ukazuiliwa na nati. Mwalimu jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta kuuliza kuna nini. Baba akamwambia hakuna kitu, na betri yake aje aichukue.

Nati alimalizia kuifungua yeye, kwa vidole. Akautoa usukani, akauweka mapajani, akakaa nao. Mimi nikajifanya napanga vifaa.

Akasema, "Ungeniambia."

Nikamuuliza, "Ungekubali?"

"Nisingekubali. Lakini ungeniambia."

Nilikuwa nimechoka, Dada. Si uchovu wa mikono. Uchovu wa kupanda ule mlima kila mchana na uongo mfukoni. Naye nadhani alikuwa amechoka vile vile, kuamka kila siku kurekebisha kosa la mtoto wake na kukaa nalo moyoni. Tungekuwa watu wa kukumbatiana tungekumbatiana. Akanipa usukani kupitia dirishani, akasema nikaufiche gereji, mahali asipopajua, kwa sababu anajijua, akipata siku mbaya atautafuta, na akiupata atairudisha nati ndani ya robo saa.

Nilishuka nao mlima nimeubeba begani, watu wananisalimia na kuuliza gari liko wapi. Nilipofika gereji nikaanza kutafuta pa kuuficha. Chini ya meza, nyuma ya mapipa, ndani ya boneti ya lile gari bovu ambalo mwenyewe alilikimbia. Nikauzungusha gereji nzima. Mwisho nikapigilia msumari kwenye ukuta unaotazama mlango, nikautundika. Sitaki kuficha kitu kingine chochote mwaka huu.

Ile siku mbaya haikuchelewa. Jana alikuja kwa miguu, na fimbo, amekasirika hata salamu hakutoa. Akaanza kupapasa rafu. Alipapasa rafu zote, akapapasa chini ya meza, akainua magunia. Usukani ulikuwa juu yake, kidogo upande wa kulia, mtu yeyote mwenye macho anauona kabla hajaingia ndani. Wateja walikuwepo wawili. Waliutazama, wakanitazama mimi, wakaangalia chini. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

Nikasema, "Baba, uko ukutani."

"Ukuta upi?"

"Huo uliouegemea. Juu, mkono wa kulia."

Aliinua mkono polepole, ukapapasa matofali, ukaupata. Akaushika. Nikangoja autoe msumarini, na nilikuwa nimeshaamua kwamba akiutoa nitamwacha aondoke nao, kisha nitamfuata nyuma mpaka nyumbani, na kesho yake tutaanza tena. Alipitisha kidole kuzunguka duara lote mpaka aliporudi alikoanzia.

"Umeutundika upande," akasema. Akauachia, akaomba kiti.

Nimeunyoosha. Leo amekuja tena, kaupapasa, anasema bado uko upande. Njoo hiyo tarehe kumi na tano, nitakuwa stendi na pikipiki.

Mdogo wako,
Kitinda